Siku Fundi Alipokwenda Molo Kumtazama Adui

Nakuru niliyoanzia kazi ilivaa nguo za fundi. Mtu alinunua kitambaa dukani, akatoka nacho hadi kwenye baraza ya duka hilohilo, na hapo alimkuta mwanamume ameketi nyuma ya cherehani ya miguu, futi imening'inia shingoni. Alipimwa kifua, kiuno, mkono na urefu, vipimo vikaandikwa kwenye kijidaftari, akaambiwa arudi Jumamosi. Akirudi Jumamosi, aliambiwa Jumatano. Watu walinung'unika, lakini walirudi, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kupata suruali iliyokukaa sawasawa.

Mwenye duka, mara nyingi Mhindi, hakumtoza fundi kodi kubwa. Alijua kwamba fundi ndiye aliyemsaidia kuuza. Mteja akisitasita, fundi alishika kitambaa, akakikunja mkononi, akakiachia, kisha akasema, "Hiki hakijikunji, chukua." Duka liliuza mita tatu, fundi akapata suti ya kushona. Hivyo ndivyo baraza za Barabara ya Kenyatta na mitaa ya nyuma yake zilivyolisha familia nyingi za Bondeni, Kivumbini na Langa Langa.

Vitambaa vingi vilikuwa vya hapa nyumbani. Eldoret kulikuwa na Rivatex, Kisumu kulikuwa na KICOMI, na pamba ilitoka Nyanza, Magharibi, pwani na hata bonde la Kerio, ng'ambo tu ya milima yetu. Serikali ilivilinda viwanda hivyo kwa kuzuia nguo za nje. Mitumba ilikuwapo, lakini ilipita njia za panya kutoka mipakani, au iliingia kwa jina la misaada kisha ikajikuta sokoni. Iliuzwa kwa kuchungulia kushoto na kulia.

Kwa hiyo nguo ilikuwa kitu cha thamani. Mtoto alikuwa na sare ya shule, na nguo ya kushindia nyumbani, na kama wazazi walijaliwa, nguo ya Krismasi. Hiyo ya Krismasi ndiyo iliyomvusha fundi hadi Machi. Kuanzia katikati ya Novemba mafundi wa Nakuru walikesha. Ukipita barazani saa nne za usiku ulisikia cherehani bado zinakimbia, na taa za karabai zinawaka pale umeme ulipokatika.

Rafiki yangu alikuwa mmoja wa mafundi hao. Hapendi kuandikwa jina, na kwa kweli hata sisi jirani zake tulilisahau, tulimwita Fundi. Tulipanga vyumba vilivyotazamana katika ploti moja Bondeni. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye aliniita Mwalimu, na kwa miaka yote ya urafiki wetu hatukuwahi kuitana vingine. Alijifunza kazi kwa mjomba wake, akiwa mvulana wa kufagia vipande na kuwasha pasi ya makaa, na alikuwa mtu wa kujivunia mshono. Mteja akilalamika kuhusu bei, Fundi aligeuza nguo ndani nje na kusema, "Tazama hapa kwanza, ndipo uniambie."

Desemba ya 1991 haikufanana na nyingine. Serikali ilikuwa imeanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na mitumba ikatoka mafichoni ikauzwa mchana kweupe. Daftari la Fundi, ambalo miaka mingine kufikia wiki ya kwanza ya Desemba lilikuwa limejaa, sasa lilikuwa na kurasa tupu. Watu walikuja, ndiyo, lakini walikuja na nguo tayari. Huyu anataka pindo lipandishwe, yule anataka kiuno kikazwe. Fundi alipokea kazi hizo kwa shingo upande, na kila mara aliuliza, "Umeitoa wapi?" Wengine walijibu Gikomba, soko la Nairobi. Wengi walijibu Molo.

Jioni moja shule zikiwa zimefungwa alikuja kugonga mlango wangu. "Mwalimu," akasema, "kesho ni siku ya soko Molo. Twende. Mtu akikupiga gizani, kukikucha unamtafuta umwone sura."

Nilikuwa nimekwisha kufikiria kumwomba anishonee koti. Bei ya kitambaa cha suti peke yake ilikuwa imepanda hadi kupita nusu ya mshahara wangu, na bado kulikuwa na bitana, vifungo na malipo yake. Kwa hiyo nilikubali kwenda kwa sababu mbili: kumsindikiza rafiki, na kwa siri kidogo, kutafuta koti.

Kwa nini Molo, mji mdogo wa shambani, iwe na soko la mitumba lililowavuta hata watu wa Nakuru? Jibu ni baridi. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye mgongo wa Mau. Koti zito lililoshonwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Ujerumani au Kanada likifika Mombasa halina wa kulivaa. Likifika Nakuru linavaliwa asubuhi. Likifika Molo linavaliwa mwaka mzima. Na watu wa Molo walikuwa na pesa. Nchi ile ni ya viazi, kondoo na pareto, na miaka hiyo ua la pareto lilikuwa bado linalipa. Kenya ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya pareto ya dunia, na bodi yake ilikuwa na makao makuu Nakuru. Mkulima aliyelipwa pareto kabla ya Krismasi alikuwa mteja ambaye kila mwenye robota la mitumba alimfuata.

Tulipanda matatu asubuhi na mapema, Peugeot iliyopakiwa hadi makanga akabaki nje akining'inia mlangoni. Kutoka Nakuru njia inapanda kupitia Njoro na Elburgon, kwa sehemu kubwa ikienda sambamba na reli ya Kisumu. Njoro ni nchi ya ngano; kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kipo hapo tangu 1927, na Egerton, iliyoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939, ilikuwa imekuwa chuo kikuu kamili miaka minne tu kabla ya safari yetu. Ukifika Elburgon unaijua kwa pua: mbao mbichi na vumbi la misumeno. Kadiri tulivyopanda, ndivyo abiria walivyofunga vioo na kujikunyata.

Mazungumzo ndani ya gari yalikuwa ya siasa. Mapema mwezi huo wajumbe wa KANU, chama tawala, walikuwa wamekutana Kasarani, Rais Moi akakubali kifungu cha 2A kifutwe katika katiba, na vyama vingi vikarudi. Kijana mmoja nyuma aliinua vidole viwili, alama ya wapinzani wa FORD, watu wakacheka. Kisha mama mmoja akauliza kama tumesikia habari za Meteitei, kule Nandi, ambako watu walianza kufukuzwa mashambani mwishoni mwa Oktoba. Kicheko kikakatika. Mzee aliyekaa mbele akasema mambo hayo ni ya mbali. Dereva akaongeza sauti ya redio.

Soko tulilikuta limekwisha kuchangamka. Upande mmoja kulikuwa na magunia ya viazi, njegere, kabichi na kondoo waliofungwa miguu. Upande wa pili, kwenye uwanja wenye matope yaliyogandishwa na baridi ya asubuhi, kulikuwa na mitumba: maturubai na nailoni zimetandazwa chini, nguo juu yake kwa mafungu, na makoti yametundikwa kwenye vijiti vilivyofungwa kwa kamba. Harufu ya dawa inayopuliziwa nguo kabla ya kusafirishwa ilikuwa nzito, nayo ilichanganyika na ya kondoo. Sauti nazo: "Kumi kumi! Chagua mwenyewe! Mali imefunguka leo!"

Fundi hakununua chochote mara moja. Alisimama mikono nyuma akatazama jinsi biashara inavyokwenda, na mimi nikatazama naye. Robota la kilo 45 hivi lilikuwa bado limebanwa kwa mikanda yake. Mwenye nalo, mama wa makamo aliyevaa sweta mbili, alilinunua Gikomba bila kuona ndani. Hiyo ndiyo sheria ya biashara hii, unanunua kwa jina lililoandikwa nje, na bahati yako imo ndani. Kijana alikata mkanda kwa kisu, robota likapumua, likapanda mara mbili ya ukubwa wake. Kabla nguo hazijagusa turubai mikono ilikuwa imeingia. Wanawake wenye vibanda vyao walikuwa mstari wa mbele, kwa sababu wanaofika kwanza ndio wanaochukua zile za daraja la juu, ambazo siku hizi vijana wanaziita kamera. Baada ya nusu saa zilibaki za wastani. Saa tisa za alasiri, mama alituambia, zitauzwa kwa fungu, na jioni atakayefagia mabaki atazichukua kwa bei ya kutupa. Nguo moja ilikuwa na bei nne kwa siku moja, kutegemea saa.

"Na robota likiwa baya?" Fundi akamwuliza.

"Likiwa baya, baba, nimekula mtaji," akasema. "Mwezi uliopita nilifungua la koti, nikakuta nusu yake mashuka. Nililia hapahapa, kisha nikayauza mashuka."

Karibu nasi mzee wa Kikipsigis aliyeleta kondoo wawili alikuwa akijaribu koti refu jeusi lililomfika chini ya magoti. Aliinua kola yake, akaingiza mikono mifukoni, akatembea hatua chache kama mtu anayejaribu viatu. "Hii itazuia baridi ya kulinda ng'ombe usiku?" akauliza.

"Mzee," mama akajibu, "hii ilizuia theluji."

Walipatana. Mzee hakuwa na pesa taslimu za kutosha hadi auze kondoo, na mama akamwambia aende nalo, atamlipa akirudi. Alirudi kabla ya saa sita akalipa shilingi zote. Mmoja alikuwa Mkikuyu, mwingine Mkipsigis, na waliagana kwa Kiswahili cha sokoni, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao. Jambo hilo lilikuwa la kawaida mno kiasi kwamba wakati ule sikuliweka akilini. Lilirudi baadaye.

Ndipo Fundi alipoona koti lake. Lilikuwa koti la suti la kijivu, la sufi, limetundikwa mwisho wa kijiti, si jipya wala si la kizamani. Alilishusha, akapiga goti kwenye gunia tupu, akaligeuza ndani nje na kulilaza pajani. Wanunuzi wengine walitazama rangi na kupima mabega. Yeye alianza na kwapa.

Nilichutama kando yake. Alipitisha ukucha kwenye mshono wa mgongo, akaninong'oneza, "Tazama alivyoacha akiba." Ndani ya mshono kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa upana wa vidole viwili, ili mwenye koti akinenepa lipanuliwe. Fundi wa Nakuru aliyebanwa na bei ya mita hawezi kuacha akiba kama hiyo. Kisha akashika ukosi wa mbele, akaukunja kwa nyuma. Pale chini kulikuwa na mishono midogomidogo ya mkono, imelala upande, safu baada ya safu, haionekani kwa nje. Ndiyo iliyofanya ukosi ujikunje wenyewe bila pasi. Tundu la kifungo lilikuwa limezungushiwa uzi kwa mkono. Bitana ilishikizwa ikiwa imelegea kidogo, ili mtu akinyoosha mkono isipasuke.

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, aliyeshona hili alikuwa na wakati."

Mama alitaka shilingi mia moja na hamsini. Fundi alimtolea themanini. Alipomwonyesha kwamba kifungo kimoja kimepotea, mama akacheka, akasema kama hujui kushona kifungo usinunue koti, na Fundi naye akacheka, kicheko chake cha kwanza siku hiyo. Waliishia mia moja na kumi.

Tukiwa tumekaa kwenye kibanda cha chai, na chai ya maziwa ya Molo ambayo kijiko karibu kinasimama ndani yake, Fundi alitoa kijidaftari chake na kupiga hesabu. Kitambaa cha koti kama lile, mita mbili, kama kingepatikana Nakuru, na hakikupatikana. Bitana. Kanvasi. Vifungo. Uzi. Makaa ya pasi. Alipofika kwenye malipo yake mwenyewe aliacha pengo. "Hata nikishona bure," akasema, "siwezi kuuza kwa mia na kumi."

Nimesikia miaka mingi watu wakisema mitumba ilishinda kwa sababu ya bei. Bei ilichangia, na pale kwenye kibanda cha chai niliona hesabu yenyewe imeandikwa kwa penseli. Lakini nilimwona pia fundi hodari akikiri kwa macho yake, akiwa amepiga goti kwenye matope, kwamba koti lililovaliwa na kutupwa huko Ulaya lilikuwa na kitambaa bora na mshono bora kuliko alichoweza kupewa nafasi ya kufanya Nakuru. Viwanda vyetu vilikuwa vimelindwa miaka mingi, na ulinzi huo haukuvilazimisha kutoa kitambaa ambacho mtu angekichagua kama angekuwa na hiari. Fundi alikuwa na mkono, lakini vifaa hakupewa.

Usiku uleule tuliporudi Bondeni alilaza koti mezani, akachukua wembe na kuanza kulifumua. Nilidhani amerukwa na akili. Alitoa bitana kwanza, kisha mikono, kisha akafungua kifua, na pale katikati akakuta kitambaa kigumu kilichofumwa pamoja na singa za farasi. Kwa miaka yote alikuwa akitumia kanvasi ya kugandisha kwa pasi, ile inayofanya mapovu baada ya kufuliwa mara chache. Kila kipande alikinakili kwenye karatasi ya magazeti. Kisha akalishona tena lote, safari hii kwa vipimo vyangu, kwa kutumia ile akiba ya mgongo. Koti hilo nililivaa darasani hadi viwiko vikaisha.

Kabla ya nusu ya mwaka 1992 kufika, yale mambo ya mbali ya Meteitei yalikuwa yamefika Molo. Nyumba zilichomwa, mashamba yakatelekezwa, watu waliouziana kondoo na makoti wakajikuta pande mbili za jambo ambalo hawakulianzisha. Familia zilikimbilia viwanja vya makanisa Molo na Elburgon, na nyingine zikashuka hadi Nakuru. Yalirudi tena Njoro mapema 1998, mwaka ambao tume ya Jaji Akiwumi iliundwa kuchunguza machafuko hayo, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mama wa sweta mbili sikumwona tena, wala yule mzee wa koti jeusi.

Darasani kwangu waliingia watoto wapya waliokuja na walichovaa tu. Hapo ndipo Fundi alipopata matumizi mengine ya yale aliyojifunza. Suruali moja ya mtu mzima, ikikatwa kwa akili, hutoa kaptura ya mtoto na hubaki kitambaa cha mifuko. Alinunua mabaki ya jioni kwa fungu, akakata, akashona, na hakuwadai wazazi ambao hawakuwa na kitu.

Polepole hiyo ikawa kazi yake. Aliondoka barazani. Duka lililomhifadhi liliacha vitambaa na kuanza kuuza sahani na ndoo. Alihamisha cherehani hadi katikati ya soko la mitumba, akaketi miongoni mwa mafungu, na wateja wakamletea nguo dakika hiyohiyo waliyoinunua: kupunguza, kupanua, kugeuza koti la kike kuwa la kiume, kubadilisha zipu. Wenzake wengine walikimbilia sare za shule, uwanja pekee ambao mitumba haikuweza kuuingia, kwa sababu Ujerumani haitupi sweta zenye rangi za shule zetu. Walioshikilia suti mpya peke yake wengi waliuza cherehani.

Viwanda havikuwa na pa kuhamia. KICOMI kilizimika katika miaka hiyo ya 1990. Rivatex kilifuata mwishoni mwa muongo; Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua mwaka 2007, na kilizinduliwa upya 2019. Mkulima wa pamba, aliyezoea kucheleweshewa malipo hata kabla ya mitumba, alipanda mahindi. Wakulima hao ndio waliopoteza kuliko wote, na ndio wanaotajwa kwa nadra.

Tangu hapo serikali zimejaribu kurudisha mlango. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole ifikapo 2019. Wauzaji wa Marekani walilalamika, Washington ikatishia kuziondoa nchi zetu katika AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, na Kenya ikajitoa mapema katika makubaliano hayo. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Machi 2020 Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa mitumba kwa hofu ya korona, ikaufungua tena Agosti. Katika kampeni za 2022 mgombea mmoja wa urais alisema nguo hizo zimetoka kwa wafu, ikabidi ajieleze upesi, maana wapigakura waliomsikiliza walikuwa wamezivaa. Mwaka 2019 peke yake Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba. Huwezi kufunga kitu cha ukubwa huo kwa tangazo la Ijumaa jioni.

Fundi bado yupo. Macho yamepungua, kazi ya tundu la sindano anamwachia binti yake, lakini mkono ungali unajua. Nilipomtembelea hivi karibuni alinionyesha blauzi iliyoletwa kupunguzwa. Aliigeuza ndani nje, desturi yake ileile, akaniambia nitafute akiba. Hapakuwa na akiba. Mshono ulikuwa wa mashine moja, uzi unaning'inia, kitambaa ni nailoni tupu inayoyeyuka ukiigusa na pasi ya moto. "Hizi zimeshonwa ili zitupwe," akasema. "Hakuna cha kufumua hapa. Hakuna cha kujifunza."

Mimi nasema hapo ndipo nafasi yetu ilipo. Mwaka 1991 mitumba ilitushinda kwa bei na kwa ubora. Leo imebaki na bei peke yake. Huko inakotoka wanashona haraka na kutupa haraka, na marobota yanayofika Mombasa yanazidi kujaa nguo ambazo fundi yeyote wa Nakuru, akipewa kitambaa cha pamba kizuri, anaweza kuzipita kabla ya chai ya saa nne. Serikali inayotaka kufufua nguo za Kenya isianze na marufuku, kwa sababu marufuku itamgonga kwanza mama mwenye turubai, kabla ya mwingine yeyote. Ianze kwa kumlipa mkulima wa pamba kwa wakati, ikitoze kiwanda umeme kwa bei kinayoiweza, na ihakikishe kwamba sare za polisi, za wauguzi na za wanafunzi zinatoka kwenye kitambaa kilichofumwa hapa.

Na wewe unayesoma, hata kama umevaa mtumba, nami nimevaa, fanya jambo moja mwaka huu. Nunua mita mbili za kitambaa cha pamba kilichofumwa nchini, kipeleke kwa fundi aliye karibu nawe, mwambie aache akiba kwenye mshono, na umlipe bei aliyotaja.